Mluzi wa Birikani

Kila asubuhi mimi nilikuwa naosha viwele na Mwaitu Kalondu anakamua. Hatukuwa tumepangiana hivyo. Ilitokea tu siku ya kwanza, ikabaki. Naleta maji ya vuguvugu kwenye ndoo, nafunga miguu ya nyuma ya ng'ombe kwa kamba ya katani, namwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha namvuta pembeni huku namwomba msamaha.

"Mwiitu," Kalondu huniambia, "ukimwomba ndama msamaha leo, kesho atataka umpikie chai."

Huwa ananiita hivyo, msichana, nami namwita mwaitu, mama, ingawa hatuna undugu. Wakati yeye anakamua, mimi hupitisha vidole nyuma ya masikio ya ng'ombe na chini ya mkia, natafuta kupe. Jumatatu hiyo vidole vyangu vilikuwa kwenye sikio la Katune, ng'ombe mwekundu aliyekuwa na ndama wake wa kwanza, wakati kengele ilipolia.

Kengele ya ranchi yetu ni kipande cha reli kuukuu kilicholetwa kutoka Makindu. Kinaning'inia langoni kwa mnyororo, na hugongwa siku moja tu kwa wiki, Alhamisi, siku ya josho, ng'ombe wanapoogeshwa kwa dawa ya kupe. Mikono ya Kalondu ilisimama. Katune akabana maziwa.

"Leo si Alhamisi," nilisema.

"Hata Mbaluka anajua si Alhamisi," alijibu, akainuka na kikombe chake kikiwa nusu.

Mbaluka alikuja akitembea polepole, fimbo mabegani, mikono yote miwili imelala juu ya fimbo. Alikuwa mkuu wa wachungaji, na alikuwa amekaa kwenye ranchi hiyo miaka thelathini. Hakuwahi kutusalimu. Katika miezi mitatu hakuwa ametamka jina la yeyote kati yetu. Kwake Kalondu alikuwa Mandazi, kwa sababu mama huyo alikuwa na kibanda cha mandazi sokoni Tawa kabla ya kuja. Mimi nilisomea afya ya mifugo miaka miwili chuoni, kwa hiyo mimi nilikuwa Daktari wa Makaratasi.

"Meneja anakuja saa nne na wenye hisa wawili," alisema akiangalia paa la banda. "Wanataka kuona josho. Leo nyinyi ndio mtanywesha kundi."

"Kundi lote?" Kalondu aliuliza.

"Si ndiyo mmekuwa mkililia? Kila siku mnanung'unika mmeachiwa ndama. Basi leo kundi ni lenu. Mkimaliza kunywesha, mlete joshoni. Mimi na Kisilu tumechoka, tutakaa."

Kisilu, mchungaji mwenzake, alikuwa amesimama nyuma yake. Alicheka, akaangalia chini.

Nieleze kwa nini siku hiyo ilikuwa nzito. Meneja wetu, Bwana Mulwa, alikuwa anakaa Kitui mjini na kuja ranchini Ijumaa. Alituajiri sisi wawili kwa majaribio ya miezi mitatu baada ya vijana kukimbilia boda boda na kuchota mchanga mitoni. Miezi mitatu ilikuwa inaisha wiki hiyo. Angeamua kama tutabaki. Mimi nilikuwa na cheti. Kama si hapa, labda mahali pengine. Kalondu hakuwa na cheti. Alikuwa amefunga kibanda chake Tawa, akampa dada yake jiko na karai la kukaangia, akamwambia hatarudi kuvitafuta. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na alisema hajawahi kufanya kazi aliyoipenda mpaka alipopewa ndama.

Wanaume hawakututaka, na hawakujificha. Niliwahi kuvaa buti zangu za mpira asubuhi nikakuta zimejazwa mavi ya ng'ombe, mabichi, mpaka juu. Tuliwahi kukuta mlango wetu umezibwa kwa matawi ya miiba, kama zizi. Jumapili, kwenye ibada ndogo tuliyofanya chini ya bati la stoo, Mbaluka alisimama akafumba macho na kumwomba Mungu awarudishe kina mama nyumbani kwao salama kabla mwezi haujaisha. Tulisema amina. Ungefanya nini?

Lakini jambo la Jumatatu lilikuwa tofauti, nami nililielewa mara moja. Kalondu pia alielewa, kwa sababu hakutania tena.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Ng'ombe hawayapendi. Wanafika kwenye birika, lile refu la saruji, wananusa, wanalamba kidogo, wanasimama wakiangalia mbali kama watu wanaongoja kuitwa. Ndipo mchungaji anapowapigia mluzi. Ni mluzi mrefu, mwembamba, unaoshuka mwishoni, na unarudiwa bila kukoma. Ng'ombe wakiusikia wanainamisha vichwa na kunywa, na hawaachi mpaka mluzi uache. Wamezoezwa hivyo tangu wakiwa ndama. Bila mluzi hawanywi.

Na mwanamke wa Kikamba hapigi mluzi. Nyanya yangu alisema mwanamke akipiga mluzi anaita upepo, na upepo unakuja kufukuza mvua. Kwetu mvua ni jambo la kuhesabu kwa vidole. Hakuna mtu anayeifanyia mzaha, hata wale tunaosema hatuamini.

Tuliwafungulia ng'ombe mia moja na arobaini. Walitembea vizuri kwa mstari wao, vumbi likipanda, Katune karibu na mwisho akigeuka kila mara kuangalia zizi alikobaki mtoto wake. Tulipofika birikani Mbaluka na Kisilu walikuwa wameshatangulia. Walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa tangi, miguu ikining'inia, kama watu waliokuja kuangalia mpira.

Ng'ombe walijipanga. Walinusa. Wakalamba. Wakasimama.

Kalondu alifanya kila alichoweza. Alipiga maji kwa kiganja yaruke. Aliimba wimbo wa kanisani, sauti yake nzuri ikatetemeka juu ya migongo ile yote. Alichukua kopo akamwaga maji kutoka juu ili wasikie mlio. Wachache walikunywa mafunda mawili matatu. Wengine waliinua vichwa na kutuangalia.

"Wapikie mandazi," Mbaluka alisema kutoka ukutani. "Labda wanataka kitu cha kuteremshia."

Kisilu alicheka tena, lakini kidogo.

"Mzee Mbaluka," Kalondu alisema, na alisema kwa heshima, "unajua hawa hawatakunywa bila mluzi. Na kuoga ni lazima wawe wameshiba maji, wasije wakanywa dawa. Hiyo sheria ni yako, wewe ndiye ulitufundisha wiki ya kwanza. Tafadhali wapigie tu, dakika kumi."

"Leo ni kazi yenu."

"Ni ng'ombe wako pia."

"Mlisema kazi haina mwanaume wala mwanamke. Nilisikia na masikio yangu. Endeleeni basi."

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa birika, mkono wangu kwenye shingo ya Katune. Ulimi wangu ulikuwa umekwenda wenyewe nyuma ya meno ya chini, mahali pake.

Baba yangu hakuwa na mtoto wa kiume. Nilipokuwa na miaka tisa alinipeleka machungani upande wa Makindu na kunifundisha mluzi wa maji, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumfundisha. Niliupiga vizuri kuliko yeye. Ng'ombe wetu sita walikunywa kwa mluzi wangu mwaka mzima, mpaka siku nyanya aliposikia. Hakunipiga. Aliwaita wanawake wa jirani, akaniambia mbele yao nirudie nilichokuwa nafanya. Walinitazama wote, nikalia. Mwaka ule mvua ilichelewa. Hakuna aliyesema ni mimi, lakini kila aliponiona njiani, mama mmoja jirani aliangalia mawinguni kwanza.

Kwa hiyo nilijua kuupiga. Pale birikani, ulimi ukiwa tayari na midomo imeshakauka, nilijua. Niliangalia ukutani. Mbaluka alikuwa ananitazama moja kwa moja, na niliona kwamba angefurahi zaidi nikipiga. Angekuwa na hadithi ya kusimulia ranchi nzima na kanisa zima. Nilimeza mate. Nikampapasa Katune shingoni nikasema kwa sauti ndogo, "Kunywa, mama. Tafadhali kunywa." Alinusa mkono wangu.

"Muda umeisha," Mbaluka alisema, akaruka chini. "Gari la meneja hilo."

Vumbi lilionekana barabarani kweli. Ndama wakubwa wanne walikuwa wametoroka kuelekea vichakani, na Kalondu alikwenda kuwarudisha. Alinishika mkono kabla ya kuondoka. "Usiruhusu waingie joshoni," alisema. "Mwambie meneja mwenyewe. Mwambie hawajanywa. Mimi nakuja."

Nilikubali. Nilitembea nyuma ya kundi hadi joshoni nikirudia maneno hayo. Hawajanywa. Ni neno moja tu.

Bwana Mulwa alikuwa ameshashuka kwenye gari pamoja na wazee wawili wenye hisa, wamevaa koti na viatu vya kwenda mjini. Mbaluka aliwasalimia kwa mikono miwili, akawaonyesha tangi la dawa, akawaeleza jinsi ng'ombe anavyotumbukia upande huu, anaogelea, na kutokea upande ule kwenye uwanja wa saruji anakokauka. Aliongea vizuri. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu aliongea nami kwa upole.

"Daktari. Ng'ombe wamekunywa?"

Wote walinigeukia. Wazee wawili, meneja, Kisilu na fimbo yake. Nilifungua mdomo. Sauti ilitoka, nadhani, lakini ilikuwa ndogo, na ng'ombe mmoja alilia wakati huohuo.

"Amesema nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Anaona haya," Mbaluka alisema, akitabasamu. "Wamekunywa, sivyo?"

Niliitikia kwa kichwa. Nitasema ukweli: si kwamba hawakunielewa. Niliitikia kwa kichwa mara mbili, ili waache kuniangalia.

Lango likafunguliwa.

Ng'ombe mwenye kiu hawezi kujizuia. Wengine walimeza walipokuwa wanaogelea. Wengine walitoka wakachuruzika, wakakuta madimbwi ya dawa kwenye uwanja wa saruji, wakainama. Nilikimbia kule nikiwa na ufagio, nikawafukuza, nikayafagia madimbwi kuelekea mfereji, nikawafukuza tena. Mia na arobaini ni wengi. Kalondu alitokea na wale ndama wanne, na alipoona tu vichwa vimeinama chini aliniita kwa kelele, "Kanyiva!"

Katune alianza dakika ishirini baadaye. Mate yalimtoka kama uzi, kisha misuli ya mabega ikaanza kutetemeka, kisha miguu ya nyuma ikakataa. Wengine wawili walifuata. Nilipanda juu ya tangi la maji, mahali pekee penye mtandao, nikampigia daktari wa mifugo Kitui. Nikashuka, nikamwosha Katune dawa mwilini kwa maji safi, nikamvuta kivulini pamoja na Kalondu, nikamlaza kichwa kikiwa chini ili mate yasimzibe. Mikono yangu ilifanya yote niliyofundishwa chuoni. Haikuwa mikono yangu iliyokosa.

Daktari alifika saa nane. Wale wawili waliinuka baada ya sindano. Katune alikuwa ameshakufa. Kutoka zizini ndama wake aliita, hakupata jibu, akaita tena.

Kabla ya kuondoka daktari alisema ng'ombe wote waliooga waangaliwe zizini mpaka saa tisa, kwa hiyo hakuna aliyerudishwa kwenye maji. Saa tisa, tulipoitwa kwenye banda la josho, kundi zima lilikuwa linalia kwa kiu nyuma ya lango. Ilibidi watu wapaze sauti ili wasikike.

"Nani alikuwa na kazi ya kunywesha?" Bwana Mulwa aliuliza. Hakuwa mtu mbaya, lakini wenye hisa walikuwa wamekaa pale kwenye viti vya plastiki, na alikuwa anatoka jasho.

"Kina mama," Mbaluka alisema. "Wakiongozwa na huyu mkubwa. Mimi niliuliza mbele yenu kama wamekunywa. Mlisikia."

"Nilikuambia hawajanywa," Kalondu alisema. "Nilikuambia pale birikani, nikakuomba uwapigie mluzi."

"Uliniambia? Nani alisikia?"

Kalondu alimgeukia Kisilu. Kisilu aliangalia ncha ya fimbo yake.

"Nimefanya kazi hapa miaka thelathini," Mbaluka aliendelea, sasa kwa wazee. "Sijawahi kuua ng'ombe kwa josho. Nilisema tangu mwanzo. Hii kazi si ya kukaanga na kugeuza. Mnyama anamjua mtu wake. Mmeleta watu hata ng'ombe hawawasikii."

Mzee mmoja mwenye hisa aliitikia kwa kichwa. Meneja alifungua daftari lake, akalifunga.

"Mama Kalondu," alisema, "wewe ndiwe ulikuwa mkubwa wao. Nafikiri utafunga vitu vyako, utatoka na gari letu hadi Kitui jioni hii. Samahani. Kanyiva atabaki. Ana cheti, na nimeona alivyohangaika na yule ng'ombe. Tunahitaji mtu kama huyo."

Nilingoja Kalondu aseme. Alikuwa na haki. Alinituma na neno moja na nikashindwa kulifikisha. Alikuwa ameshasikia jinsi nilivyoitikia, kwa sababu Kisilu alimwambia tukiwa bado tunamwosha Katune. Alikuwa na kila sababu ya kuninyooshea kidole. Alinitazama tu. Kisha akafungua kamba ya katani aliyokuwa ameifunga kiunoni tangu asubuhi, ile ya kukamulia, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka mezani mbele ya meneja.

"Ndama wa Katune apewe maziwa kwa vidole kwanza," aliniambia. "Hajui ndoo."

Alianza kutoka. Mbaluka alisogea kumpisha njia, na hakuwa anacheka hata kidogo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Hawakunywa," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Ng'ombe walikuwa wanalia.

"Hawakunywa," nilisema tena, na Kalondu akasimama mlangoni.

"Umesema nini?" meneja aliuliza. "Sema kwa sauti."

Nyote mnajua ilivyo, macho ya watu yakikugeukia yote kwa pamoja.

"Mwaitu Kalondu alisema kweli," nilisema. "Alimwomba. Mimi nilisikia, na Kisilu alisikia, hata akiangalia fimbo. Alinituma nikuambie hawajanywa. Nilipoulizwa niliitikia kwa kichwa. Nilidanganya."

Kisilu hakuinua uso, lakini alisema, "Alimwomba. Ni kweli," na Mbaluka akamgeukia kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

"Hata kama," Mbaluka alisema. "Wangenywaje? Kazi ya mluzi wataiweza wapi? Mwanamke akipiga mluzi hapa na mvua ikose mwezi wa kumi, mtakuja kumuuliza nani?"

"Mtaniuliza mimi," nilisema. Sasa sauti ilikuwa imetoka na haikutaka kurudi. "Najua kupiga mluzi, Mzee Mbaluka. Nilifundishwa na baba yangu nikiwa na miaka tisa. Nilijua asubuhi pale birikani na ulimi ulikuwa tayari, nikanyamaza kwa sababu nilikuogopa wewe na ukuta wako. Uliwaacha na kiu ili sisi tufukuzwe. Mimi niliwaacha na kiu ili nisichekwe. Katune amekufa kati yetu wawili. Kama kuna mtu wa kwenda na gari leo, si Mwaitu Kalondu. Sasa fungua hilo lango. Hawajanywa tangu jana, na nitawapigia mluzi mpaka washibe, nawe ukitaka kaa pale juu uangalie."